Viatu Visivyomuuma Kassian

Alhamisi, 13 Februari

Theluji, theluji, theluji. Nimeisukuma kutoka kanisani hadi mwisho wa bonde, nikageuza gari langu la kusukumia theluji, nikaikuta imerudi inanicheka. Haidhuru. Halmashauri inanilipa niisukume, haikusema niimalize.

Mchana nilipanda mlimani kwa skii na Kassian, mwokaji wetu, hadi kibanda cha Kaser. Nikiwa nashuka — paa! Kiatu cha kushoto kimepasuka kwenye kifundo kama kifuu cha nazi. Kifo cha hadharani. Skii moja ikaenda zake bondeni, mimi nikabaki nimekaa kwenye theluji kama bibi harusi aliyeachwa.

Kassian alicheka hadi akalala chini.

— Cheka, nikamwambia. Vyako ni pacha wa vyangu.

Kweli. Tulivinunua siku moja, duka moja, saizi moja. Mimi na Kassian tuna mguu mmoja — mpana, mfupi, kama koleo lake la kutolea mikate tanurini. Shuleni tulikuwa tunaazimana viatu vya mpira. Nikavikagua na vyake: ufa uleule umeanza, mahali palepale! Hapo akaacha kucheka.

Kwa hiyo tunanunua, wote wawili, kabla ya Josefi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu mwezi ujao. Kijiji kizima kitapanda mlima Kaserkopf kwa skii siku hiyo, kama kila mwaka, na Kassian atapuliza tarumbeta kwenye msalaba wa kileleni kwa ajili ya waliokufa. Mwaka huu mama yake yumo. Mama Rosina. Na mimi alinilisha, tangu nilipoacha shule nina miaka kumi na minne na kichwa kitupu. Kassian amesema:

— Mwaka huu nitafika pale hata kwa kutambaa.

Nimemwambia atulie. Viatu nitamchagulia mimi.

Jumamosi, 15 Februari

Sijui nianze vipi. Nianze na sifa, hizo ninazijua.

Bonde hili hakuna anayejua viatu vya mlimani kunishinda. Daktari wa mifugo aliniuliza mimi. Padri aliniuliza mimi! Nawaambia wote: kiatu cha kupandia na kushukia ni kama ndoa. Chukua chepesi — utaimba ukipanda, utalia ukishuka. Chukua kizito — kinyume chake. Lakini chepesi au kizito, kikikubana dukani kitakuua mlimani. Mtu kama mimi, aliyepika kwenye meli kutoka Hamburg hadi Yokohama anajua thamani ya kusimama siku nzima kwa miguu isiyolia.

Basi tukaenda kwa Filomena, mwenye duka la viatu. Kassian alibaki nje anazozana na mtu juu ya kuegesha gari. Mimi nikaingia. Filomena akanionyesha saizi yetu: jozi mbili tu zimebaki, msimu unaisha. Moja ya rangi ya chungwa — nyepesi, nyembamba, ya hao vijana wa mashindano. Moja ya kijani. Mguu wangu ulipoingia kwenye kile cha kijani... Sina elimu ya kueleza. Mguu ulisema: nimefika nyumbani, zimeni taa.

Halafu Kassian akaingia.

— Hicho cha kijani kikoje?

Na mimi — nilishakivua, kimekaa sakafuni kama hakinihusu — nikasema:

— Hiki? Gunia la mawe. Cha wastaafu. Wewe unabeba tarumbeta, bwana! Unataka kitu chepesi.

Filomena akafungua mdomo. Nikamwahi: Filomena mpenzi, tutafutie soksi nyembamba huko stoo. Akanitazama. Akaenda.

Kassian akavaa cha chungwa. Akafunga vifungo vyote. Akatembea dukani mbele na nyuma, akachuchumaa, akaruka.

— Raha mustarehe! Hakibani hata kidogo.

Filomena karudi na soksi, akapiga magoti, akamvua kiatu kimoja. Akaingiza mkono. Akatoa karatasi! Lile donge la karatasi la kiwandani, kubwa kama ngumi ya mtoto, bado limo kwenye ncha. Kassian alikuwa ametembea juu yake muda wote!

Tulicheka sote watatu hadi machozi. Kassian zaidi.

— Ndiyo maana niliona kuna mto!

Akalipa. Filomena alivipasha moto vile viatu laini vya ndani, vikafinyangwa kwa umbo la mguu wake, na Kassian akaondoka navyo shingoni kama nishani. Mimi nimesema nitangoja wiki ijayo, labda ataletewa vingine.

Jioni baa nzima nimeisimulia ile ya karatasi. Wamecheka hadi kuomba nirudie. Nikarudia. Kassian alikuwepo, akaniongezea chumvi mwenyewe.

Na usingizi sina.

Jumatatu, 17 Februari

Nimenunua vya kijani.

Filomena hakuvileta kaunta. Alivishika kifuani.

— Romed, Kassian anajua?

— Anajua nini? Amechagua mwenyewe.

— Amechagua kwa masikio. Mguu wake ni mpana kama wako, mimi nimewapima nyote wawili tangu mna nywele. Kile cha chungwa kitamla.

— Amesema hakibani!

— Ndiyo. Ndiyo ninachoshangaa.

Akanipa. Hakunifungia kwenye mfuko. Nimetoka navyo mkononi, nikavificha chini ya kiti cha gari la theluji kama mtu aliyeiba kuku.

Sijaiba! Sikumshika mkono. Nilisema maneno tu. Maneno mimi nayasema kila siku, na watu hawayafuati — kwa nini siku hiyo ndiyo aliyafuata?

Jumapili, 23 Februari

Kaserkopf, hadi juu. Jua, baridi kali, theluji kavu kama unga. Ngozi za kupandia zinanata vizuri chini ya skii, shwa, shwa, shwa. Kila hatua viatu vya kijani vinanibembeleza. Kila hatua nafsi inanisuta.

Kassian aliviona tu tulipoanza.

— Haa! Gunia la mawe umelinunua?

— Hapakuwa na vingine, nikasema. Filomena kanibembeleza.

Akanionea huruma! Akasimama, akanishika bega.

— Pole ndugu yangu. Vizuri vyote ukaniachia mimi.

Ningependa ardhi ipasuke, lakini ilikuwa imeganda.

Alipanda mbele yangu muda wote. Hapumziki, halalamiki. Nilimuuliza kwenye mteremko wa kwanza: vipi viatu? Kama soksi za bibi! Nikamuuliza kwenye kibanda. Kama soksi za bibi! Nikamuuliza karibu na kilele, akageuka:

— Romed, wewe umeoa hivi viatu au mimi?

Basi nikafurahi. Niseme kweli, nilifurahi kuliko siku nyingi. Kumbe sikumdhulumu! Kumbe nilidanganya nikapatia. Mimi hata nikikosea ninajua viatu.

Msalabani tukapeana mikono kama desturi. Huko juu humpi mtu mkono huku una neno naye moyoni; ukiwa nalo, unalisema palepale au unabaki chini. Wazee walipigana ngumi pale kwa ajili ya mpaka wa shamba, kisha wakakumbatiana. Kassian akanyoosha mkono. Nikaupokea. Nilitazama kifungo cha koti lake.

Jumanne, 4 Machi

Kanivali, siku ya mwisho ya kula na kucheka kabla ya Kwaresima. Nimekwenda kwa Kassian kula maandazi. Burgl, mkewe — Notburga, lakini ukimwita hivyo anadhani kuna msiba — alikuwa amejipaka masizi usoni kwa ajili ya sherehe, anakaanga na kucheka. Kassian yuko chini kwenye tanuri. Mimi nimekaa jikoni karibu na jiko la vigae, andazi la nne mkononi.

— Shemeji, akaniambia Burgl, hebu nisaidie kucheka. Huyu mume wangu mikate inamtia uchizi. Nimefua soksi zake za mlimani, maji yametoka mekundu. Namuuliza, anasema jamu! Eti amekanyaga jamu ya beri. Mtu anakanyaga jamu akiwa amevaa soksi za mlimani?

Nikacheka. Ndiyo kazi yangu, kucheka.

Alipokwenda kumwita, nikageuka. Viatu vya chungwa vilikuwa juu ya jiko vinakauka, kama viatu vya nyumba zote. Nikaingiza mkono kwenye cha kulia. Upande wa kidole kidogo kitambaa ni kigumu kama gamba la mkate. Nikatoa mkono, nikautazama. Ukucha una kitu cha rangi ya kahawia.

Si jamu. Mimi ni mpishi, jamu naijua.

Andazi la nne sikulimaliza. Burgl aliuliza kama ninaumwa.

Jumatano, 5 Machi

Majivu kwenye paji la uso, na mimi leo yamenistahili.

Baada ya misa nimemfuata Kassian kwenye tanuri. Nimefunga mlango.

— Vua.

— Romed, nina unga hadi—

— Vua, nimesema! Cha kulia.

Alivua. Mungu wangu. Ubavu wa kidole kidogo umeliwa, kidonda wazi, ukubwa wa sarafu ya yuro mbili, kingo zimekufa nyeupe. Na kifundoni kuna kidonda kingine. Miaka ya melini nimeona majeraha ya kisu na ya mvuke, lakini mtu kukaa juu ya kidonda kama hiki anapiga mluzi!

— Haikuumi?

— Hapana.

— Hata kidogo?

Akachukua kijiti cha kupimia keki. Akajichoma kwenye kidole gumba cha mguu. Akanitazama huku anatabasamu, kama mtoto anayeonyesha mazingaombwe.

Kisha akasema. Daktari wa mjini alimwambia, ni miaka miwili sasa: sukari. Ameanza na vidonge, akaviacha. Miguu imeanza kufa ganzi tangu mwaka jana. Burgl hajui. Hakuna anayejua.

— Mwokaji mwenye sukari, Romed! Watanichekaje? Wewe mwenyewe ungekuwa wa kwanza, baa nzima ungeisimulia.

Karatasi. Lile donge la karatasi dukani. Nilisimulia mara ngapi? Kila mtu bonde hili amecheka mguu usiohisi, na mimi ndiye niliyewachekesha.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijua maiti. Mimi nikadhani ya kiatu vilevile, aijua mvaaji. Lakini mvaaji huyu hajui! Kiatu kimemla kimya kimya. Filomena alisema kitamla.

Nikamwambia: twende kwa daktari sasa hivi, gari langu liko nje. Akakataa. Ataambiwa alale, asipande. Baada ya Josefi ataenda kwa miguu yake mwenyewe. Akanishika mkono.

— Niapie. Kwa jina la mama. Humwambii Burgl hadi Josefi ipite.

Nikaapa.

Halafu akasema neno ambalo nitazikwa nalo:

— Na asante kwa viatu. Ningechukua vingine vingeniua kabisa.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mlango umefungwa, tuko wawili. Nilifungua mdomo. Nikauliza kama kuna mkate wa shayiri uliobaki.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetengeneza marhamu ya utomvu. Ile ya bibi: utomvu wa msonobari, nta ya nyuki, mafuta ya nguruwe, unachemsha polepole hadi nyumba inanuka msitu. Hapa tunapaka kila kitu, ng'ombe na binadamu. Nimemfunga Kassian mguu kwa mkono wangu, vizuri, kama muuguzi. Asipande popote hadi Josefi — amekubali.

Nilimuuliza Filomena kama anaweza kuagiza jozi nyingine pana. Msimu umeisha, kiwanda hakina. Akasema:

— Wewe unayo moja.

Huyu mwanamke!

Jumapili, 9 Machi

Nimepata akili. Mimi akili huja nyuma, lakini huja.

Nilipeleka vya kijani kwa Kassian. Nikamwambia vinanibana. (Uongo juu ya uongo, kama matandiko ya kitanda cha hoteli.) Nikasema tubadilishane.

— Lakini vyangu vizuri, akasema. Utaniachia gunia la mawe?

— Nifanyie hisani, bwana. Mguu wangu unataka chembamba.

Alivivaa palepale kwenye tanuri. Akafunga, akatembea, akachuchumaa. Nilimtazama usoni, nangoja. Nilitaka kuona ile raha niliyoiona mimi dukani. Nilitaka anione mwizi!

— Sawa tu, akasema.

— Sawa vipi?

— Kama vile vingine. Romed, kwani vina tofauti?

Vina tofauti, nikasema. Nikaondoka haraka.

Nimepanda na vya chungwa hadi kibandani, peke yangu. Sijui niandike nini. Mwanzo vinabana. Kisha vinauma. Kisha kuna moto kwenye kidole kidogo, kisha kifundoni, na kila ukiinua mguu mtu anakuchuna kwa kisu butu. Nilisimama kila mti. Nililia! Romed aliyezunguka Cape Horn na homa, nililia kwa ajili ya kiatu. Maana nilijua: haya yote alikuwa nayo Kassian siku ile hadi kilele, na mwili wake haukumwambia. Mimi niliyejua nilimuuliza mara tatu, nikapokea jibu nililolitaka.

Niliporudi nimevua soksi. Mahali palepale. Mguu wetu mmoja.

Nikajiambia: haya, mmelingana sasa. Yeye ana vya kijani, wewe una malengelenge. Umelipa.

Nimekula matonge matatu ya mkate na nyama ya moshi. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 14 Machi

Sikulipa chochote. Mpumbavu ni mimi.

Leo nimemfungua bandeji ili nibadilishe. Kila siku nilikuwa nasikia harufu ya utomvu tu na mkate, nikasema dawa inafanya kazi. Kumbe utomvu umeficha. Nilipoondoa tabaka lote, chini yake kuna harufu nyingine. Naijua. Kwenye meli ya mizigo tulikuwa na fundi wa mitambo kutoka Manila, Teodoro, mwenye sukari, mcheshi kuliko mimi. Alikanyaga msumari. Tulimteremsha Durban kwenye machela, na baadaye akatutumia kadi yenye picha yake: amesimama kwenye mguu mmoja, anatabasamu.

Kidole kidogo cha Kassian ni cheusi. Si cha buluu. Cheusi.

— Ni utomvu huo, akasema.

Nimekisugua kwa kitambaa chenye mafuta. Hakikutoka. Nilisugua tena. Akaanza kunichekea:

— Utakitoa chenyewe, we!

Nimemsihi. Nimemwambia habari za Teodoro. Nimepiga magoti, na goti langu si la kupiga. Akasema Jumatano ni Josefi, Alhamisi ataingia hospitalini kwa mlango wa mbele, amevaa suti. Siku chache zitafanya nini? Mama alimngoja yeye wiki nzima kabla ya kukata roho, alisema, sasa na yeye amngoje mama.

Lakini njia ipo. Burgl yuko ngazi moja juu. Angemkokota kwa masikio.

Kwa nini simwambii? Niandike hapa, hakuna asomaye. Kiapo? Kiapo ni kisingizio. Nikimwambia Burgl ataniuliza: kidonda kimetoka wapi? Kwenye kiatu. Kiatu nani alimchagulia? Shemeji. Na shemeji mwenyewe alinunua kipi? Filomena yuko hatua chache tu ng'ambo ya barabara, na hajui kusema uongo.

Ninauza mguu wa mtu ili nibaki mtu mzuri.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda hadi mlangoni kwa Burgl. Amefungua anaimba. Akanipa mkate wa zabibu, akaniambia nimekonda. Akasema Kassian siku hizi analala sana, labda ni huzuni ya mama yake. Shemeji, wewe ndiye unayemchangamsha, usimwache.

Nikasema simwachi. Nikarudi na mkate.

Jumanne, 18 Machi

Kassian anatetemeka. Mbele ya tanuri! Nimemshika paji — moto. Anasema mafua. Tarumbeta ameisugua, inang'aa, imekaa juu ya gunia la unga. Vya kijani viko chini yake, vimefungwa vizuri, tayari.

— Kesho utanipa mkono msalabani, akasema, nami nitakuambia kitu.

— Kitu gani?

— Juu huko. Si hapa.

Tangu hapo nawaza. Anajua? Amejua tangu lini? Filomena amesema? Au anataka tu kunishukuru tena — ambayo ni mbaya zaidi.

Redio inasema theluji kubwa usiku kucha, asubuhi kutakucha kweupe. Watapanda. Hakuna atakayekaa.

Jumatano, 19 Machi. Josefi

Naandika ndani ya gari la theluji, kwa penseli, glavu moja nimeivua. Injini inanguruma. Kumepambazuka sasa hivi.

Nimefanya kitu ambacho dereva mmoja tu bonde hili anaweza kukifanya.

Theluji yote ya barabara ya kanisani — yote! — nimeisukuma mbele ya gereji ya Kassian. Nimerudi, nikaleta na ya uwanja wa shule. Imefika kwenye madirisha. Nimeishindilia kwa koleo la gari hadi ikawa ukuta. Gari lake halitoki leo wala kesho. Na barabara ya kwenda pale tunapoanzia kupanda mlima sijaigusa, imelala kama mtoto mchanga. Watu wamesimama uwanjani na skii mabegani, nguo za sikukuu chini ya makoti, wananitukana. Mpiga ngoma wa bendi amepiga kioo changu:

— Romed, umelewa saa hizi? Sukuma huko, mjinga we! Wafu wanatungoja!

Nimemwonyesha sikio kwamba simsikii.

Nilidhani ingetosha. Hafiki mlimani, basi. Akili yangu hiyo. Lakini Kassian ametoka kwa mlango wa duka na koleo — lilelile la mikate! — amevaa vya kijani, tarumbeta begani, anachimba. Anacheka. Anawapigia watu kelele kwamba Romed amempa zawadi ya Josefi. Wamekuja kumsaidia! Wanachimba kumi na zaidi, wanaimba. Ukuta wangu unapungua.

Uso wake mwekundu kama tanuri. Amesimama mara mbili, ameshika ukuta. Wanadhani anapumzika.

Burgl amefungua dirisha la juu, nywele hazijafungwa.

— Shemeji! Kuna nini? Kwa nini umetufungia?

Naandika. Ninajua kwa nini naandika: mkono wenye penseli hauwezi kufungua mlango.

Viatu vya chungwa viko hapa kwenye kiti cha pembeni. Nimevileta. Nitamwonyesha Burgl ndani, ile damu. Nitaanza na duka. Nitaanza na "gunia la mawe", ndiyo mwanzo wenyewe. Mbele ya wote, mbele ya Filomena — yumo kati ya wachimbaji, ameacha koleo, ananitazama mimi tu. Halafu atakayetaka asinipe mkono tena, msalabani au baani, asinipe. Hospitali ni mwisho wa barabara, na barabara ninaisafisha mimi, mbele ya gari lao, nikitaka ni dakika chache —

Kassian ameacha kuchimba. Amewapa wenzake koleo. Anakuja kwangu, katikati ya theluji, moja kwa moja, anatabasamu, kidole kinaniita nishuke.

Natazama miguu yake. Hachechemei. Laiti angechechemea! Wote wangeona. Anatembea kama bwana harusi.

Burgl bado yuko dirishani. Penseli chini. Nafungua ml